Kanda ya Marehemu na Redio Mbili

Jumanne, 4 Machi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaanza tena. Eti kanda zangu zinamaliza nafasi kabatini. Na viatu vyake humo vinafanya nini, vinapunga upepo? Anataka nimpe ile kanda ya marehemu, aipeleke kwa fundi simu ihamishiwe kwenye fleshi. Nikataka kuiona hiyo fleshi. Kadude kama ukucha! Marehemu alikuwa fundi cherehani mwenye kifua kipana, milango mingine aliingia kwa ubavu. Atakaa wapi humo? Nikamwambia mume wangu hawekwi mahali panapoweza kupotelea mfukoni mwa suruali.

Anasema redio yangu imechoka, itaitafuna kanda, na sauti ya baba iko humo tu. Kweli iko humo tu. Upande mmoja, anaimba huku anashona, cherehani inampigia ngoma. Lakini redio yangu ina adabu.

Jumatano, 5 Machi

Imeitafuna. Kidogo tu. Nimeizungusha kwa penseli, ikarudi. Hakuna aliyeona. Mkwe aliona. Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jirani naye hakukosa. Namwita Mama Spika, maana ameweka dirishani spika kama pipa, na nyimbo zake zote ziko kwenye simu. Simu ikiita, muziki unakatika, mtaa mzima tunajua kapigiwa. Akaniuliza juu ya ukuta kama bado nasikiliza lile jeneza langu. Nikamjibu jeneza langu halikatizwi na umbea.

Nimeketi nikafikiri. Kanda nitainakili mwenyewe, kanda kwa kanda, kama tulivyofanya zamani. Hakuna fundi, hakuna fleshi. Watanyamaza wote.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima redio kaseti ya fundi viatu. Akauliza kama najua kuitumia. Nikamtazama mpaka akaanza kutafuta msumari ambao haukuanguka.

Nimeziweka mezani, zinatazamana kama wachumba. Moja iimbe, nyingine irekodi. Nikatia kanda ya marehemu huku, kanda tupu kule, zote nyeusi. Miwani sikuvaa, sisomi gazeti mimi. Nikabonyeza kitufe chekundu. Kikagoma! Nikaitoa kanda, nikapapasa: kile kijino cha mgongoni kimevunjwa. Kijino kikivunjwa, redio haikubali kurekodi juu yake. Kanda za dukani siku hizi, takataka tupu. Lakini dawa yake naijua. Nikakunja karatasi, nikaziba tundu, kitufe kikashuka kwa heshima zote.

Redio ya kuimba ilikaa kimya. Nikajua marehemu anavuta pumzi, hakuwa mtu wa haraka. Mara kuku akaingia, nikamfukuza. Mama Spika akafungulia pipa lake, nikamtukana dirishani kwa upole. Mkwe akaja kuuliza kulikoni, nikamwambia afunge mdomo, tunarekodi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesikiliza.

Kuku yumo. Mama Spika yumo, wazi kabisa, hata ile simu yake ilivyoita. Mimi nimo, nawatukana wote wawili. Marehemu hayumo.

Nimevaa miwani. Kanda tupu iko kwenye redio ya kuimba, bado tupu. Iliyozibwa kwa karatasi ina mwandiko wa marehemu mgongoni. Ndipo nikakumbuka: kijino alikivunja mwenyewe, kwa mkasi wa kazini, siku ile ile aliporekodi. Akasema asije mtu akaifuta. Mtu! Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Sikula. Mama Spika akauliza mbona kimya leo. Sasa yule mwanamke anaimba ndani ya mume wangu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe hakunisema. Angenisema ningepona. Aliketi mkekani karibu yangu, akaipeleka kanda mbele, mbele, mpaka kupita pale nilipokomesha kurekodi Ijumaa; jana niliizima kwa hasira kabla ya kufika huko. Cherehani! Halafu yeye. Amebakiza mstari mmoja wa wimbo, anakohoa, anaita, "Mke wangu, hebu njoo usikie." Kisha mwisho.

Mwanangu akapita mlangoni, akasikia sauti ya baba yake, akarudi nje bila kuvaa viatu.

Mkwe akanishika goti. "Mama, nakuomba. Hicho kipande tu. Nikirekodi kwa simu yangu hapa hapa mezani, hutanyanyuka hata kwenye kiti. Kesho redio ikikila, tutamsikia wapi?"

Analia, mtoto wa watu. Mimi nina macho makavu, nilikwisha kulia jana chooni. Nikamwambia amesema kweli, kipande hicho lazima kinakiliwe leo leo. Akachomoa simu. Nikamwambia airudishe. Mume wangu aliniita mimi, hakuita simu.

Nimerudi kwa fundi viatu, nikamwomba redio yake kwa siku nyingine. Redio zote mbili ziko mezani. Safari hii nimetia alama ya chaki kwenye ile ya kurekodi, au ile ya kuimba, nitaona nikianza. Na ile karatasi nimeiacha pale pale kwenye tundu la kanda ya marehemu, kitufe kisije kikanigomea tena.