Tufani ya Uani kwa Mwinyijuma

Jumatatu, 7 Machi 1955
Neema imeingia Moa! Mzungu wa serikali kaja na karani wake, Laurenti. Kasema jimbo la Tanga halitaki tena pampu za dizeli vijijini, moshi mwingi, mafuta ghali. Sasa maji yatavutwa kwa upepo. Lakini pampu ni moja tu: ama sisi, ama Maramba. Chombo cha kupima upepo wamekisimika uani kwangu, maana ndipo pasipo na minazi. Vikombe vinne juu ya mlingoti mfupi, chini yake kisahani kinachohesabu mizunguko. Na cha Maramba kimewekwa kwa nani? Kwa shemeji yangu Hatibu! Yule mwenye duka na majivuno! Mwenye uwanja ndiye atakuwa mwangalizi wa pampu. Nadhani mwangalizi hupewa na kofia.

Mke wangu Asmahani hakucheka. Kisima chetu chumvi tupu, maji matamu anayafuata mbali, debe kichwani. Mimba ya mwaka jana ilitoka njiani. Sasa ana nyingine, na kaapa haitapotea hivyo. Pampu isipokuja anakwenda kwa kaka yake Hatibu, Maramba. Nimemwambia atulie, ana mume.

Jumatano, 9 Machi
Upepo umekufa. Kaskazi imekwisha, kusi bado. Nimevipuliza vikombe kwa mdomo mpaka kizunguzungu. Nimevipepea kwa ungo. Asmahani kauliza ungo wake uko wapi.

Laurenti kapita. Kanionya kwamba upepo ufaao ni wa wastani, usiwe haba wala usizidi. Maneno ya karani! Nani kakataa kingi duniani?

Ijumaa, 11 Machi
Wote wamekwenda msikitini. Mimi nimesema tumbo. Mungu anajua nia yangu. Nimepindua baiskeli, magurudumu juu, nikafunga kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi shingo ya vikombe. Nikazungusha pedeli kwa mikono. Lo! Vilivuma mpaka kuku wakakimbilia mvunguni. Subiri, Hatibu!

Baada ya sala mwalimu Sadalla kaja kunipa pole ya tumbo. Kaniona natiririka jasho, kaniombea dua ndefu. Nimeona haya. Kidogo.

Jumatatu, 14 Machi
Nimezungusha siku zote hizi, kila Asmahani akifuata maji. Leo kaanguka njiani. Goti limechubuka, debe limemwagika, tumbo salama, alhamdulillahi. Karudi mapema, kanikuta na kamba mkononi. Nikamweleza kwamba yote haya ni kwa ajili yake. Kasema mikono yenye nguvu hivyo ingebeba debe. Nimeumia sana. Mambo ya serikali hayaelewi.

Ijumaa, 18 Machi
Msiba! Mzungu kasoma kisahani, kamwita Laurenti naye asome. Kasema uani kwangu kuna tufani, pampu ingeng'oka siku ya kwanza ikaua mtu. Akaitazama minazi ya jirani, imetulia tuli. Akanitazama mimi. Pampu inakwenda Maramba, kwa Hatibu! Eti upepo wake ni wa wastani.

Asmahani kafunga nguo zake kwenye kanga. Kaniaga kwa adabu, kasema mtaka yote hukosa yote. Debe kaniachia.

Jumatatu, 28 Machi
Leo nimefuata maji mwenyewe. Jua lile! Shingo haigeuki. Wanawake waliacha kuteka nilipofika, kisha mmoja wao, bibi Kijakazi, akanitwika debe. Nusu imemwagika njiani. Nyumba kimya. Nimekaa kizingitini nikalia, hakuna aliyeniona. Njia hii alipita kila siku, na tumbo lile.

Jioni kaja Laurenti. Kumbe serikali itajenga birika la kukinga mvua, kijiji kimoja tu! Kopo la kupimia mvua kaliweka uani kwangu, maana ndipo pasipo na minazi. Kanionya tena, safari hii kwa kidole: mvua isiwe haba wala isizidi, penye mvua nyingi mno watu hawahitaji birika. Maneno ya karani!

Haikunyesha hata tone. Nimelijaza kopo mpaka likafurika. Debe limekwisha, mtungi mkavu, nalala na kiu. Asmahani atarudi tu.