Mwiko wa Mama Nereah na Choo Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Kwa Bi. Juliet Agwang,
Afisa wa Maendeleo ya Jamii.

Dada yetu katika utumishi,

Nakuandikia kwa heshima kubwa, na kwa maandishi, kwa kuwa kusema nimekatazwa. Sheria iliyonikataza uliileta wewe mwenyewe, ulipokuja sokoni kwetu, hapa njiani kati ya Nagongera na Kiyeyi, kuendesha mkutano wa wananchi juu ya haki na huduma. Mkutano wenyewe niliuunga mkono kwa moyo wote. Mimi, kama Mwenyekiti wa Kamati ya Soko, ndiye niliyewaita watu, nikapanga viti, nikakalia kile cha mbele.

Utakumbuka kipaza sauti chako kiligoma, na watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Ukaomba kitu chochote cha kushika, ukatangaza kwamba atakayekishika ndiye atakayesema, na wengine watanyamaza mpaka amalize. Kilichokuwa karibu ni mwiko wa Mama Nereah, yule mjane anayepika ugali wa wimbi na maharagwe kwenye hoteli yake pembeni ya banda la nafaka. Akakuazima. Hapo ndipo tulipopotea, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mwiko haukugawanywa kwa haki. Niliushika mimi kwanza, kama inavyostahili, nikazungumza juu ya umoja, usafi na subira. Nilikuwa bado kwenye umoja uliponiomba nimpe mwingine. Nikampa makamu wangu, Mzee Ecodu. Yeye alilelewa akijua kwamba mwanamume hagusi mwiko. Akaushika kwa leso, akasema anaunga mkono, akauweka chini. Kwa hiyo viongozi tulisema kidogo sana.

2. Mama Nereah aliuchukua kwa hila. Alisema maji yamechemka, anataka kusonga. Hakuna aliyepinga, maana ugali wenyewe tulikuwa tunausubiri sisi. Lakini alipoushika tu, wewe ukatukumbusha kwamba mwenye mwiko ndiye mwenye neno. Akageuka, mvuke nyuma yake, akasema polepole:

"Kwa vile niko nayo, niulize moja tu. Ile choo mpya ya wanawake iko na kufuli tangu ijengwe. Maggie wa nyanya ana mimba. Hanywi maji kutoka asubuhi mpaka soko iishe, sababu anaogopa kuingia kujisaidia kwa mihogo ya watu. Mwenyekiti, ufunguo iko wapi?"

3. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Choo kile kinasubiri mgeni rasmi. Utepe wa kukata nilishaununua Busia, nikavuka kabisa upande wa Kenya kuutafuta, na uko nyumbani kwangu umekunjwa vizuri. Choo ambacho hakijafunguliwa rasmi si choo, ni jengo. Mtu akijisaidia ndani ya jengo la umma ametenda kosa, na mimi nilikuwa nikiwalinda akina mama wasitende kosa hilo. Hoja hii ingemaliza mjadala pale pale. Lakini sikuwa na mwiko. Nikanyamaza kama raia mtiifu, na watu wakachukulia kwamba nimekiri.

4. Katika ukimya huo, jogoo wangu akawika ndani ya choo. Naomba nieleze. Nilinunua kuku wachache huko Lunyo, nikawaweka humo kwa muda ili jengo lisikae bure likaliwa na mchwa. Nilifanya hivyo kwa kujitolea. Ninacholalamikia si kicheko cha watu, ingawa kilikuwa kirefu. Ninacholalamikia ni kwamba jogoo hakuwa na mwiko, na hukumkatiza. Aliwika mpaka akamaliza. Je, ni haki soko liwe na jogoo mwenye uhuru wa kusema kuliko Mwenyekiti?

5. Mkutano haukufungwa. Mvua ilishuka, wewe ukapanda boda boda, na Mama Nereah akarudi jikoni na mwiko wake bila kusema kwamba amemaliza. Kwa sheria yako, basi, mkutano unaendelea mpaka leo. Anasonga huku anauliza, anapakua huku anauliza. Anayekula pale sharti asikilize, na sisi sote tunakula pale. Mzee Ecodu siku hizi anaagiza maharagwe kwa kidole. Juzi nilijaribu kusema kwamba chumvi imezidi. Mama Nereah aliuinua tu ule mwiko akanitazama, nikamaliza sahani.

6. Maradhi yameingia nyumbani. Mke wangu Scovia, anayeuza vitunguu hapo hapo sokoni, naye ana mwiko wake. Jioni aliuleta mezani, akaniambia kwa upole, "Baba Emmy, leo mkutano iko hapa." Ajenda ilikuwa kuku: kwa nini wao wana choo chenye mlango wa bati na yeye hana. Nilitaka kumweleza habari za utepe. Akanionyesha kwa macho kwamba mwiko hauko kwangu. Tukala.

Dada Juliet, wenye Kiswahili chao walikuwa na akili. Neno hilo hilo moja walilipa chombo cha jikoni, wakalipa na jambo lisiloruhusiwa kufanywa. Chombo wamekishika akina mama. Kilichosalia kimeniangukia mimi.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iutwae mwiko ule na kuutangaza kuwa mali ya serikali. Hilo likishindikana, miiko yote ya eneo hili iletwe kwangu, iazimwe kwa idhini ya Kamati na irudishwe kabla ya watu kukusanyika. Najua ugali hautasongwa kwa mkono mtupu, na nimelifikiria: siku za mikutano wananchi wale viazi vitamu, maana viazi huiva vyenyewe na havimlazimu mtu kushika chochote. Upawa nao uchunguzwe mapema. Sijasikia tatizo lolote kutoka kwake, lakini hata kwa mwiko tulianza hivyo hivyo.

Uwasalimu wakubwa wako ofisini, na yule kijana wa boda boda aliyekubeba kwenye mvua, na mama yako mzazi, ambaye naamini hakukufundisha mambo haya. Sisi huku tu wazima, tumenyamaza.

Ni mimi, mtii wa sheria,
Opendi Ochwo,
Mwenyekiti wa Kamati ya Soko.

Nyongeza: Nimeifungua bahasha tena ili kukuomba uyaache yote niliyoandika hapo juu, na mwiko ubaki ulipo. Nilikuwa nimeshika njia kuipeleka barua hii Nagongera, siku ya soko, maharagwe yakanigeuka. Choo chetu cha wanaume kilianguka paa kwa ile mvua, na kwenye mihogo mwenye shamba alikuwa anapalilia na watoto wake. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Niliwatoa kuku, nikaingia.

Ni choo kizuri, dada. Kina hewa, na mlango unafunga barabara.

Nilipoufungua nitoke, nilikuta foleni ya akina mama imefika mpaka banda la nafaka, wamenyamaza wote. Maggie alikuwemo, ameshika tumbo. Na mbele kabisa alisimama mama mkwe wangu, Mama Acen, ambaye kwa desturi yetu nikimwona kwa mbali huacha njia nikapita majanini. Safari hii majani hayakuwepo. Tukasimama hivyo, mimi bado nafunga mkanda. Yeye akageuza uso pembeni kwa heshima, akasema, "Mkwe wangu, usifunge."

Sikufunga.