Mume Wangu Amesimama Mvuani, Nanyi Mnaiita Sanaa

Tarehe 9 Juni

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Sanaa,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni fundi cherehani, na mjane wa miezi minne. Jumapili iliyopita gazeti lako lilijaza ukurasa mzima kwa hoja kwamba michezo ya video ni sanaa. Niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Ninapinga. Usinidharau kwa kuwa niliishia darasa la saba: mapazia ya ukumbi wa maonyesho wa mji huu niliyashona mimi, kwa hiyo sanaa naijua, ingawa kwa upande wa nyuma.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sanaa ina mwisho. Maonyesho yakiisha, pazia hufungwa, watu wakaenda kula. Gemu ya marehemu mume wangu, ya kijiji ambamo watu hulima na kujenga, haikuwa na mwisho. Nikimwita mezani anajibu, "Nakuja, mke wangu, namalizia tuta moja." Na hapa nyumbani hata chungu cha maua hakuwahi kukigusa.

2. Sanaa haiibi vifaa vya kazi. Mwaka juzi alichukua futi yangu ya kushonea, akapima nyumba yetu yote: madirisha, korido, hata kiti changu kinachoyumba. Nikafurahi. Mlango wa jikoni ulikuwa na miaka kumi na moja haufungiki, tunauzuia kwa pasi mbovu, nami nikawatangazia majirani kwamba mwenzangu sasa ameamua. Kumbe vipimo vyote alivipeleka kwenye gemu, akaijenga nyumba yetu kule. Kule mlango unafungika. Huku pasi ipo palepale, na majirani bado wananiuliza.

3. Sanaa haileti wageni msibani. Walikuja watatu nisiowajua, muuguzi, dereva wa lori na mwalimu wa hesabu, wakimlilia mtu aitwaye Mzee Jembe. Nikawaambia kwa upole kwamba wamekosea msiba. Hawakuwa wamekosea: hilo ndilo jina alilojipa kwenye gemu, nao walikuwa wakilima naye kule. Walilia kuliko shemeji zangu, ambao walikuwa wakibishana nani aketi mbele. Nilipojitambulisha, muuguzi akanishika mkono: "Kumbe ni wewe, dada, mwenye chumba cha taa ya njano! Mzee alikuwa haturuhusu kuingia humo na matope." Hebu fikiri, Ndugu Mhariri. Watu baki wanakijua chumba changu cha kushonea, cherehani ikiwa dirishani kama nilivyotaka siku zote, na mimi mwenyewe sijawahi kukikanyaga.

4. Hili ndilo kubwa. Mwezi uliopita niliiwasha ile mashine yake ya gemu nihakikishe ni nzima, nimpe shemeji. Nikamkuta. Kofia ya bluu, jembe begani, amesimama nje ya geti na mvua inamnyeshea, palepale mume wangu alipomwacha asubuhi ile ya kwenda hospitali. Nikajiambia huyu si mtu, ni kikatuni. Kisha nikajiambia hata kikatuni kinaweza kuugua kifua. Nikabonyeza vitufe nimwingize ndani. Akaruka mara tatu, akaupiga mlango jembe, akamrushia ng'ombe boga. Kazi hiyo ilinichukua mchana mzima, na gauni la bibi harusi mezani halina mkono mmoja.

Tangu hapo, kila saa kumi ninafunga kibanda changu cha kushonea mapema niende kumwingiza ndani. Utaniuliza kwa nini simwachi humo humo. Nyanya je, atazimwagilia nani? Palizi je? Majirani wa kule wataniona mvivu, na wa huku wananitosha.

Sasa nakuuliza: picha ya ukutani nani huipeleka kulala?

Kwa hiyo naomba ukanushe, kwa herufi kubwa zile zile. Naomba pia serikali iamuru kila mtengeneza gemu aweke paa mahali popote ambapo mtu anaweza kukatishwa na maradhi.

Wasalimie wote ofisini, mpiga picha, anayefagia, na hasa aliyeandika makala ile. Mwambie simchukii.

Ni mimi,
Fundi cherehani

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu, muuguzi akanipigia simu. Wenye gemu wanakifunga kijiji kile mwisho wa mwezi, maana wachezaji wamekuwa wachache. Nikamuuliza kama hakuna wa kuwazuia. Akasema, "Dada, kikiitwa mchezo, kinafungwa. Kikiitwa sanaa, kinawekwa makumbusho, na mlinzi juu."

Basi, Ndugu Mhariri, ichane barua hii. Ningeichana mwenyewe, ila nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Ni sanaa. Mlango wa jikoni wa kule nimeutazama kwa jicho la fundi, umekaa sawa kuliko mshono wangu wowote. Andika tena, ukurasa mzima, kabla ya tarehe thelathini. Mapazia ya makumbusho nitayashona bure. Wakikataa, siku ya mwisho nitamwingiza ndani mapema, kwenye chumba cha taa ya njano, hata akiwa na matope, kisha nifunge mlango.

Nawe utukumbuke, Mzee Jembe na mimi.