Ombi la Kuziba Madirisha ya Chumba cha Eda

Kwako Bi Rasha, msanifu majengo, ambaye kwa bahati mbaya ni mdogo wangu wa tumbo moja,

Assalaam alaykum. Sisi huku Raskazone hatujambo, tatizo ni madirisha yako.

Tangu tumzike Baba, Mama anakaa eda katika chumba ulichomtengenezea upya mwaka jana, na hajatamka neno zaidi ya kuitikia salamu. Mjane wa hali hiyo anastahili chumba cha huzuni. Wewe umempa mwanga na upepo. Kwa adabu zote naomba kibali chako niyazibe madirisha hayo, kwa sababu zifuatazo:

1. Umeyatoboa pande mbili zinazotazamana, upepo unaingia huku unatokea kule. Wanawake wanaokuja kutupa pole machozi yanawakauka kabla hayajafika kidevuni. Shangazi Ghaliya, aliyefiwa na kaka yake wa pekee, aliingia analia akaishia kuuliza fundi ni nani.

2. Zamani joto la chumba kile lilikuwa likiwaaga wageni kwa niaba yetu. Sasa wanakaa mpaka chakula cha mchana, na wengine wanajinyoosha mkekani kabisa.

3. Upenu wako mpana unazuia jua lakini mwanga unaupitisha, kwa hiyo hatuwashi taa mpaka magharibi. Jirani yetu Imtiaz, ambaye nyumba yake ni vioo vyeusi vitupu na taa zinawaka saa sita mchana kama inavyompasa mtu mwenye uwezo, ameniuliza kwa huruma kama tumekatiwa umeme.

4. Nilitaraji dini initetee. Lakini madirisha umeyaelekeza uani, mpita njia hamwoni Mama hata akitaka. Shehe naye alinijibu kwamba eda ina masharti yake, na giza si mojawapo. Nilimshukuru, nikaona nikuandikie wewe.

5. Hili ndilo kubwa. Kwa mwanga huu nina hofu Mama atapata nafuu kabla eda haijaisha. Watu watasema hakumpenda mumewe. Na mimi mwanawe wa kwanza nitauficha wapi uso wangu, ikiwa chumba chenyewe hakina hata kona moja yenye kiza?

Matofali yameshafika. Fundi Uweso amegoma kuanza bila ruhusa ya aliyechora. Tafadhali mpigie simu kesho.

Nisalimie shemeji, watoto, na wenzako wote wa ofisini wanaodhani starehe ya mtu ni jambo la kuchorwa.

Kaka yako mwenye uchungu,
Muntasir

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Mama ameniita kwa jina. Ameniona kupitia dirishani, niko uani naanika nguo. "We Muntasir, kanzu ya babako hiyo, usiianike juani. Itapauka." Sauti yake ile ile ya kunigombeza. Nimeianua mbio. Uweso nimemwambia akusanye matofali yake. Kisha nimekwenda kukaa na Mama pale dirishani, na kwa mara ya kwanza tumemlilia Baba pamoja, mchana kweupe.