Njaa ya Alhamisi Saa Nne

Siku gazeti lilipoandika kwamba mvua imekosekana Yatta kwa msimu wa tatu, wenye moyo walisikitika. Bartholomew, aliyekuwa akinywa chai katika hoteli moja mjini Machakos, aliagiza chapati ya pili.

Bartholomew alikuwa na shirika la misaada. Shirika lenyewe lilikuwa yeye, kizibao cha mifuko kumi na miwili, na gari jeupe lililoandikwa mlangoni "Heshima kwa Kila Binadamu", lenye antena ndefu isiyounganishwa na chochote. Gari hilo ndilo lililokuwa roho yake. Askari walilipigia saluti, machifu walilitafutia kivuli. Bila gari, Bartholomew alikuwa mtu mwenye mifuko mingi, basi.

Aliandikia shirika moja la Ulaya barua iliyojaa utu na kutopendelea. Ukurasa wa tatu alitangaza hata kwamba shirika bora hufanya kazi mpaka lisihitajike tena. Wakamjibu kuwa mjumbe wao angefika Alhamisi saa nne asubuhi kujionea.

Kilichokosekana sasa ni njaa tu. Jumatatu akaifuata Katangi, kwa Kalunde, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Mwaitu, mama yangu, nataka familia arobaini," alisema. "Nguo kuukuu, watoto bila viatu, na mtu asicheke. Njaa ianze saa nne, saa sita tumemaliza. Kila mmoja atapata sabuni."

Kalunde aliendelea kupepeta ndengu chache alizobaki nazo. Kila ukame ulileta mashirika yake, na kila shirika lilileta semina. Alikuwa amehudhuria kumi na moja, na tofauti na waliomfundisha, alikuwa amesikiliza.

"Hizo picha, mwanangu, utaomba ruhusa?"

"Nitaomba."

"Na mtu akikataa, atanyimwa sabuni?"

"Sasa mwaitu, si unajua..."

"Basi hiyo si ruhusa, ni biashara. Chakula kwanza, kwa wote, halafu ndiyo mtu aulizwe kama anataka picha." Akapuliza makapi. "Na huyo mgeni atatuita kando, wewe ukiwa mbali, atuulize tulipewa nini na lini. Wote huuliza. Mimi ni mtu wa kanisa. Hata nikijaribu kudanganya, nashikwa na kikohozi."

Hivyo ndivyo misingi ya kimataifa ya huduma za kibinadamu ilivyomshika Bartholomew shati kwa mara ya kwanza maishani.

Kule Kithimani, Salah, muuza mbuzi na nafaka, alilizunguka lile gari akiligongagonga boneti kama mtu anayepima mgongo wa beberu.

"Magunia arobaini ya mahindi na kumi ya maharagwe," alisema. "Niachie kitabu cha gari. Alhamisi ufadhili ukiingia kwa jina lako, utanilipa ukichukue. Usipoingia, gari ni langu. Hiyo waya ndefu inashika stesheni gani?"

"Haishiki kitu."

"Basi nitaitoa. Itadunga mbuzi."

Jumanne chakula kiligawanywa. Bartholomew mwenyewe alimbebea mzee mmoja gunia hadi nyumbani. Humo alikuta watoto wawili waliolitazama bila kuomba chochote. Kitu kikamkaba kifuani. Akaamua ni zile chapati.

Alhamisi saa nne, familia arobaini zilikuwa tayari: nguo za Jumapili zimepigwa pasi, wazee wana tai, watoto wanang'aa mafuta hadi magotini. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa ukitokota, na watu walikuwa wakicheka.

"Mwaitu, nilisema nguo kuukuu," Bartholomew alinong'ona.

"Nipokee mgeni na matambara? Heshima kwa kila binadamu, mwanangu. Iko kwa mlango wa gari yako."

Mgeni, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha darasani, alikaa na Kalunde nyuma ya ghala nusu saa. Alirudi akifuta miwani.

"Kwa miaka kumi na mitano sijaona shirika lililotoa chakula kabla ya kuomba picha," alisema. "Ufadhili umepitishwa. Miaka miwili."

Bartholomew aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi kwenye kioo.

"Utakwenda moja kwa moja kwa akina mama."

Kichwa kikainuka.

"Siku hizi sera yetu ni pesa ziende kwa wenyeji. Nawe uliandika, ukurasa wa tatu, kwamba shirika bora hufanya kazi mpaka lisihitajike. Nilidhani ni maneno tu. Nisamehe." Akamshika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlenga.

Kalunde alifungua mkoba. Cheti cha usajili, kumbukumbu za mikutano, barua ya benki: vyote vilikuwa ndani ya bahasha moja, tangu Jumatatu.

Salah, aliyekuwa amekuja na bisibisi yake, alianza na antena.

Saa nane mgeni hakuwapo, wala gari. Bartholomew alisimama juani na mifuko kumi na miwili, yote mitupu.

"Kuja tukuandike," Kalunde alimwita. Akajaza daftari: jina, umri, hali. Kwenye hali akaandika, hana usafiri. Kisha akamwekea sahani ya muthokoi mbele yake, akangoja mpaka alipoimaliza, ndipo akatoa simu.

"Sasa naomba ruhusa ya picha. Unaweza kukataa. Chakula umeshakula."

Bartholomew alifikiri. Alikuwa amewapiga watu picha miaka mingi, wala hakuwahi kungoja jibu la mtu.

"Ngoja kwanza, mwaitu," alisema, akapangusa mdomo. "Nifunge vifungo."