Mapafu ya Leodgar kwa Watu Wote

Jumatatu, 1 Juni 1992
Kompyuta imefika hospitalini kwetu Musoma! Daktari Esta kaileta kutoka Dar. Anasema tukiionyesha picha nyingi za eksirei, kila moja tumezungushia mapafu kwa penseli, itajifunza kuyachora yenyewe. Picha arobaini zangu, arobaini za Getruda, mwenzangu wa chumba cha eksirei. Atakayefanya vizuri ataenda Dar miezi sita kusomea mashine hiyo. Getruda! Mimi ndiye niliyemfundisha kuvaa aproni ya eksirei. Haendi mtu hapa ila mimi.

Jumanne, 2 Juni
Nimechora mbili. Macho yananiuma. Getruda kamaliza sita, tena anafuta na kurudia, eti ukingo wa chini haujakaa sawa. Jioni nikapita mtaa wa Kitaji kwa Bernado, fundi cherehani. Anakata sare za darasa zima kwa kiolezo kimoja cha karatasi. Nikacheka peke yangu. Bernado akaniuliza kama nimekunywa.

Jumatano, 3 Juni
Nimekata kiolezo cha boksi la sabuni kwa kufuatisha picha ya kifua changu mwenyewe. Mapafu mazuri, nasema bila kujisifu. Unaweka, unazungusha penseli, basi! Arobaini kabla ya chai ya saa nne. Daktari Esta akasema hajaona mkono uliotulia namna hii. Getruda kanuna. Raha iliyoje!

Ijumaa, 5 Juni
Majaribio. Kompyuta imefunzwa kwa michoro yangu, maana niliwahi. Akaletwa Mzee Wanzagi, mchimba dhahabu wa Buhemba, anahema kwa shida. Mashine ikachora mapafu mapana, kamili. Nikampongeza mzee. Akasema mbona yeye tangu mwezi jana halalagi chali. Getruda akaitazama picha yenyewe: pafu la kushoto, nusu nzima maji! Wakamtoa lita na zaidi. Nusura tumrudishe mzee wa watu nyumbani akafie huko.

Daktari Esta akatandaza michoro yangu mezani. Mtoto wa miaka mitatu kutoka Mugango ana mapafu mpaka kwenye makalio. Akauliza haya mapafu ni ya nani. Nikasema ni yangu.

Jumatatu, 8 Juni
Mashine imefunzwa upya kwa michoro ya Getruda. Sasa inaona maji. Mzee Wanzagi anakula ugali. Getruda kaondoka asubuhi kwenda Dar. Roho inaniuma.

Daktari Esta kanipa nafasi ya mwisho: picha arobaini, upya. Nimemwapia kwamba nimebadilika. Na kweli, nimetafakari siku mbili nzima, kosa langu nimeliona. Kiolezo kimoja hakitoshi. Nimekata vitatu.