Galaksi Nilizotupa

Jumatatu, 4 Machi
Profesa katangaza. Mkutano wa wanafalaki una nafasi moja ya kuzungumza, na atakayeipata ndiye atakayepewa ajira ya kudumu. Ni mimi, bila shaka. Nadharia yangu imeiva: shimo jeusi katikati ya galaksi likianza kula, hupuliza gesi yote nje, na bila gesi nyota hazizaliwi. Mpinzani ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mwenyewe. Tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda nikabaki ofisi ileile.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Kati ya galaksi mia tano zenye shimo linalokula, mia tatu zinazaa nyota kama hazina akili nzuri. Nimezitazama mpaka chai ikapoa. Nimefuta miwani. Bado zinazaa.

Jumatano, 6 Machi
Hizo mia tatu nimeziita mbovu, nikazitia kwenye folda ya takataka. Zilizobaki zote zinakubaliana nami! Mchoro umenyooka kama rula. Shemeji akapita, akauliza mbona galaksi zimepungua. Nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Akaomba takataka zangu, eti ajifunzie. Nikampa zote, mimi si mchoyo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mazoezi mbele ya mke wangu. Akauliza, kwani mgeni akianza kula, chakula jikoni kinaisha papo hapo? Nikamwomba asiingize mambo ya jikoni kwenye sayansi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Profesa kutupima. Nimeng'ara dakika nne nzima. Kisha Profesa akauliza nilianza na galaksi ngapi. Nikakohoa. Shemeji akafungua zile mia tatu ukutani, akaeleza kwamba gesi inayolisha shimo ndiyo hiyohiyo inayozaa nyota, hivyo penye gesi tele vyote viwili hukutana. Kama shimo linazima uzazi, huenda ni baadaye sana. Akanishukuru mbele ya watu kwa kumchambulia. Nafasi kapewa yeye. Mimi nimeongezewa mkataba wa miezi mitatu. Imeniuma, sitadanganya.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kampikia mdogo wake chakula cha pongezi. Nimekula huku nikijihoji, na kosa nimeliona. Nilitupa galaksi zisizo zenyewe. Jumatatu natupa zile mia mbili zisizozaa, nibaki na zinazozaa tu. Mchoro utanyooka kuliko wa kwanza. Na safari hii takataka simpi mtu.